Vipimo vya Kamande

Shingo thelathini na tisa. Mabega arobaini na sita. Kifua tisini na nane. Mkono wa kulia sitini na tatu, wa kushoto sitini na moja.

Nilisoma karatasi ile mara mbili. Mtu mwingine angeona tarakimu tu. Mimi nilimwona Kamande wangu amesimama mbele yangu, mzima mzima, na ule mkono wake wa kushoto uliovunjika akiwa na miaka tisa alipoanguka na baiskeli ya mjomba wake huko Nyeri, ukaunga vibaya. Mikono ya namna ile Johannesburg nzima naijua miwili tu, na yote miwili ilikuwa imenikumbatia Jumapili iliyopita.

Lakini mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa mwandiko wa kike, safi, wa kalamu ya bluu, na mwenye mwandiko alikuwa amesimama mbele ya meza yangu ya kukatia akitabasamu.

"Hizo ndizo za shati," alisema. "Na usishtuke mikono hailingani, sijakosea. Ako tu hivyo."

Ako tu hivyo! Eti ananifundisha mimi.

"Naitwa Moraa," akaendelea. "Niko hapo chuoni. Tuna mahafali Ijumaa, nataka gauni, halafu kitakachobaki unifanyie shati la mwanaume. Nimeambiwa wewe ndiye fundi mkali hapa Doornfontein."

"Nani amekuambia?"

"Huyo huyo mwenye shati."

Akafungua mfuko wake wa plastiki na kuzitandaza juu ya meza yadi sita za kitenge cha njano iliyoiva, chenye majani ya kijani. Kilikuwa kizuri, na hilo nalo liliniuma.

Niwaeleze jambo moja, maana si wote mnaotoka kwetu Bukavu. Kwetu, mwanamume na mwanamke wakitoka hadharani wamevaa kikwembe kimoja, yaani kitenge, shati lake na gauni lake vimetoka katika kipande kimoja, hakuna anayewauliza swali. Wamekwisha kujibu. Wale ni mtu na mkewe, au mtu na mkewe mtarajiwa, na mama wa kanisani akiwaona ataanza kuuliza harusi ni lini. Sasa huyu Moraa alikuwa ameniletea mimi, kwa mkono wake, kikwembe cha kumtangaza yeye na mwanamume wangu mbele ya chuo kizima. Tena nikishone mimi. Tena kwa haraka.

Nilijikaza kisabuni. Nikachukua futi ya kupimia, nikamzungushia kiunoni, na nakiri mbele ya Mungu kwamba niliivuta kuliko ilivyohitajika.

"Aki, pole pole," akacheka.

"Samahani. Huyo mwanaume, anapenda shati limbane ao limulegee?"

"Limlegee kidogo. Kola ikimbana analalamika siku nzima, hutapumzika."

"Unamujua vizuri."

"Miaka miwili darasa moja, maabara moja! Huyo akikohoa najua ni vumbi ama ni homa."

Nilimpima kifua. Alikuwa mrefu, mwenye shingo ya kuvalia dhahabu, na alinukia mafuta ya nazi. Nilimtafuta kasoro kuanzia utosini hadi visigino nikakosa. Mwanamke ukiwa na wivu unaomba mwenzako awe na hata jino moja lililopinda. Moraa meno yake yalikuwa yamepangwa kama ya kwenye tangazo.

"Muko na haraka hivi kwa nini?" nikauliza, kama fundi anayejali tarehe.

"Ijumaa mahafali, halafu tarehe ishirini na tisa tunarudi Nairobi. Tumekata ndege moja."

"Nyinyi na nani?"

"Mimi na mwenye shati."

Pini niliyokuwa nimeibana mdomoni ikanichoma ulimi. Nikameza damu yangu nikasema, "Kuja Ijumaa asubui."

*

Doornfontein watu hawakai, wanapita. Huu ulikuwa mwaka wangu wa nne kushona pale, katika chumba cha ghorofa ya kwanza ambacho zamani kilikuwa kiwanda cha makoti, na kila mwaka niliona mambo yale yale. Februari mtaa unafurika: akina mama wanashusha magodoro kwenye teksi, vijana wanapanga foleni ya kujiandikisha mpaka kule kwenye robot, zile taa za barabarani, na kila dirisha juu yetu linaning'iniza soksi. Juni wamekonda kwa mitihani na kwa kula kota, mkate na chipsi, asubuhi na jioni. Desemba wameondoka wote, hata mwenye spaza, kile kiduka cha pembeni, anafunga saa nane mchana, na ukitaka unaweza kutandika mkeka katikati ya barabara ukalala. Tunaobaki ni sisi mafundi, wasusi na walinzi. Kazi yetu ni kuwashonea watu nguo za kuondokea.

Mama mdogo Murielle, dada wa mama yangu, ndiye aliyenileta katika mji huu nikiwa na miaka ishirini, na duka ni lake. Sheria yake ilikuwa moja tu. "Jeannine, mutu wa chuo ni sawa mvua ya hapa," alikuwa akisema. "Inanyesha saa kumi, saa kumi na moja jua iko inawaka. Na weye utabaki na nguo mubichi." Hakuwa akisema kwa ubaya. Binti yake Benita alipendwa na kijana wa sheria kutoka Zambia, mwenye maneno matamu kuliko asali. Kijana akamaliza, akafunga sanduku, akasema atapiga simu akifika. Mpaka leo hajafika.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nimechaguliwa Marcellin. Mwimbaji wa kanisani, mlinzi wa benki, mtu wa kwetu, mwenye karatasi zake kamili. Kila Alhamisi alikuja dukani na kofia yake mkononi, akapewa chai, akaulizwa habari za mama yake. Marcellin ni mtu mwema. Sijawahi kumsikia akisema jambo baya, wala jambo lolote lingine ninaloweza kulikumbuka.

Ndipo Agosti akaja Kamande na zipu iliyoharibika. Alipoondoka alisahau kusema kwaheri kwa sababu alikuwa akinitazama, na mimi nilisahau kumdai. Alirudi wiki iliyofuata kupimwa shati. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto nikadhani nimekosea, nikapima tena, na tena, naye akasema kwa sauti ya chini, "Pima tu, fundi. Sina haraka." Tangu siku hiyo nilikuwa mgonjwa wake.

Nikamficha. Dukani aliingia kama mteja, akatoka kama mteja. Jumapili baada ya ibada nilimwambia Mama Murielle nakwenda kununua uzi, nikashuka kutoka Yeoville, tunakosali, kwa miguu kwenda kukaa naye kwenye ngazi za maktaba yao. Miezi minane nilinunua uzi kila Jumapili. Sikuwahi kujiuliza kwa nini Mama Murielle haulizi ni duka gani linalouza uzi Jumapili.

*

Jumatano nilikata gauni la Moraa. Nililikata vizuri, maana fundi mwenye wivu bado ni fundi, na sikutaka atembee akisema Jeannine hajui kazi. Lakini kipande cha shati nilikikunja nikakiweka chini ya mashine, na kila nilipokanyaga pedali nilihisi kipo. Kikulacho ki nguoni mwako, Waswahili walisema, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeikalia.

Simu ililia mara tisa. Kamande, Kamande, Kamande. Sikupokea. Niliilaza kifudifudi, kisha nikaigeuza kuona kama amepiga tena, kisha nikakasirika kwa nini ameacha. Kichwani mwangu Moraa alikuwa akimpima. Nilimwona kabisa: amemzungushia futi kifuani, amesogea karibu, anamwambia nyoosha mkono, na yeye Kamande anasema kwa ile sauti, "Pima tu. Sina haraka." Usiombe wivu wa fundi. Sisi tunajua mtu anayepimwa anasimama umbali gani.

Alhamisi saa nne asubuhi Mama Murielle alikwenda Fordsburg kununua zipu. Hata dakika kumi hazikupita, nikasikia hatua za Kamande kwenye ngazi.

Aliingia akihema. "Jeannine. Simu yako imeharibika?"

"Hapana."

"Mbona hushiki?"

"Nashona. Niko na nguo ya bibi yako."

"Ya nani?"

"Moraa. Ao uko nabo wengi?"

Alinitazama, akatazama gauni la njano lililoning'inia ukutani, kisha akafanya jambo ambalo mwanamume mwenye akili hafanyi. Alicheka.

"Unacheka?" Nilisimama. Mkasi ulikuwa mkononi na niliuweka chini kwa usalama wake. "Unanichekea? Unatuma mwanamuke wako kwangu na vipimo vyako, nimushonee gauni, na weye shati mu kikwembe kile kile, na unakuja kucheka?"

"Jeannine, si ni kitambaa tu! Yadi sita ni nyingi, hakuwa anahitaji yote, tukagawana. Nikamwambia ampelekee fundi mzuri. Nilidhani nakuletea kazi!"

"Kazi."

"Ndio, kazi. Mteja. Kwani kuna nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili cha kwetu, na Kifaransa kikaingia, na machozi nayo yakaingia. Kwamba ku Bukavu kikwembe kimoja ni ndoa. Kwamba wapiga picha wote mlangoni kwa chuo ni Wakongo, wasusi wote ni Wakongo, walinzi nusu yao ni Wakongo, na wote wanasali na Mama Murielle. Kwamba kufika Jumapili kanisa zima lingekuwa linajua Mkenya wa Doornfontein amepata mke, na mke si mimi.

Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

"Sikujua," alisema. "Naapa. Kwetu watu huvaa sare ya kitenge hata kwa mazishi. Ofisi nzima huvaa."

"Na vipimo? Alikupima wapi?"

"Nani?"

"Moraa! Ameandika mpaka mukono wa kushoto. Sitini na moja. Nani alimuambia sitini na moja?"

"Mimi nilimwambia."

"Weye ulijuaje?"

"Jeannine." Alisogea. "Umenipima mara saba. Kila ukipima unasema kwa sauti, kisha unaandika. Thelathini na tisa, arobaini na sita, tisini na nane. Ningeshindwaje kuzijua? Usiku nikikosa usingizi huwa nazihesabu."

Nilitaka kumwamini mara moja. Mwili wangu ulikuwa umekwisha kumwamini. Lakini wivu ukishaingia hautoki kwa mlango uliouingilia, unataka uondoke na kitu.

"Na ndege?" nikasema. "Tarehe ishirini na tisa. Ndege moja, viti viwili. Moraa anajua, miye sijui. Unaenda na hauniambie. Sawa yule wa Benita."

Hapo ndipo Kamande alipokasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika. Sauti yake haikupanda, ilishuka.

"Nilikuwa nikuambie Jumapili. Nilipiga tangu Jumanne. Ninaenda nyumbani kumwona baba yangu, Jeannine. Kuna mambo mzee haambiwi kwa simu. Nilitaka kumwambia nimepata mtu. Halafu nikakaa chini nikafikiria, nitamwambia nini hasa? Kwamba nimepata mwanamke anayeniita mteja?"

"Unajua kwa nini..."

"Ngoja, nimalize. Nina mashati saba. Mwanaume anayelala kitanda cha futi tatu na kabati la kuazima, nina mashati saba ya kushonwa. Sikuwa na haja ya mashati! Nilikuwa na haja ya kuja hapa bila kukuaibisha. Na kila Alhamisi nikipita hapo chini namwona yule jamaa wa kofia anapanda ngazi hizi kichwa juu, anaketi, anapewa chai na mama yako mdogo. Kwa kikombe cha kioo. Mimi nimesimama miezi minane. Wewe umekula wivu siku mbili tu, Jeannine. Siku mbili."

Nilijitazama na sikujipenda. Nilikuwa nimemlilia mtu anayetaka kunitangaza, mimi niliyemfanya siri. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, husema watu, lakini mimi nilikuwa nimeuziba mdomo kwa viganja vyote viwili miezi minane, na sasa nilishangaa kwa nini pumzi imekwisha.

"Utarudi?" niliuliza. Sauti ilinitoka ndogo.

"Kazi ya hapa hawajanijibu. Sijui kama nitarudi na kazi. Kurudi, nitarudi. Lakini sirudi kushonesha shati la nane."

Alisema hivyo akiwa amenishika mkono, na ndivyo Mama Murielle alivyotukuta.

Sikusikia hatua zake. Alisimama mlangoni na mfuko wa zipu, shuka la baridi mabegani, macho yake yakitoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwa Kamande. Nikauvuta mkono wangu. Uliondoka wenyewe, kwa mazoea, kama unavyouondoa kwenye pasi ya moto. Na nilimwona Kamande akiona.

"Bonjour," alisema Mama Murielle.

"Shikamoo, mama," akajibu Kamande.

Mama Murielle hakuitikia. Sisi hatuna shikamoo, lakini alijua vizuri maana yake. Aliweka mfuko juu ya meza, akatoa zipu moja moja, nyeusi, nyekundu, nyeusi, akizipanga kana kwamba hakuna mtu chumbani. Kisha akauliza bila kuinua uso.

"Jeannine, huyu ni nani?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Mteja. Nililisema mara ngapi? Lilikuwa jepesi, limelainika kwa kutumiwa. Ningelisema, na Mama Murielle angesema haya basi umumalizie, na saa nane Marcellin angekuja na kofia yake, na mwezi huu ungekwisha, na ndege ingeruka.

Kamande hakunisaidia. Alikuwa amesimama wima na mikono yake miwili isiyolingana, akinitazama, akinisubiri, na ndani ya macho yale niliona kwamba akishuka ngazi safari hii hatapanda tena.

"Mama," nilisema. "Huyu haiko mteja."

Mashine za duka la chini zilikuwa zikinguruma. Mtoto fulani wa chuo alikuwa akipiga muziki ghorofa ya tatu. Nilisikia vyote hivyo.

"Haiko mteja," nikarudia, na sasa sauti ilipata miguu. "Anaitwa Kamande. Ni mwanaume yangu. Ni miezi munane. Uzi sikuwa nanunua. Miye njo nilimuficha, yeye hakutaka kufichwa. Na Marcellin nitamuambia miye mwenyewe leo, kwa heshima, asipoteze tena Alhamisi zake."

Mama Murielle alipanga zipu ya mwisho. Ilikuwa ndefu, ya koti. Niliona kidevu chake kikitetemeka, na nikajua anamfikiria Benita, aliyekaa mwaka mzima na simu kifuani. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Duka lilikuwa lake, kitanda nilicholalia kilikuwa chake, na hapa Johannesburg sikuwa na mama mwingine.

"Mutu wa chuo," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Anapita."

"Labda, mama. Lakini miye siwezi kusema hakufika kwangu."

Alinigeukia. Kisha akamgeukia Kamande, akamkagua kama anavyokagua kitambaa dukani, mbele na nyuma, na uso wake haukulainika hata kidogo.

"Weye," alimwambia. "Baba yako anaitwa nani?"

Kamande, masikini, hakujua. Alidhani anahojiwa, akanyoosha mgongo kama mtu aliye mbele ya dirisha la uhamiaji.

"Gitonga, mama. Gitonga wa Mathenge."

"Iko muzima?"

"Mzima kabisa, mama."

"Na mama yako?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Kwetu mvulana wa kufukuzwa haulizwi jina la baba yake. Anafunguliwa mlango tu atoke.